Vitabu vya Marehemu Baba Viende Wapi?



Barua tuliyoichagua juma hili imetoka bara, Moi's Bridge, mji ulio kando ya mto Nzoia katika njia ya Eldoret kwenda Kitale. Aliyeiandika ni mama wa makamo. Babake alitoka Mombasa akiwa kijana, akafungua duka huko, akaoa, akazaa, na mwaka uliopita akafia huko huko. Mwenyezi Mungu amrehemu. Ameacha mjane, watoto wanne watu wazima, na mdogo wao wa mama mwingine ambaye hajabaleghe. Ameacha nyumba na duka, na hayo hayana mzozo. Mzozo uko katika masanduku mawili na kabati moja la vitabu.

Ndani mna misahafu mikuukuu, vitabu vya fiqhi na tafsiri, vitabu vya Kiswahili na Kiingereza alivyowanunulia wanawe tangu walipokuwa wadogo, magazeti, picha, hati chache za mkono, na daftari za duka ambazo marehemu alikuwa akiziandika kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Kaka mkubwa ataka kabati liondoke ili chumba kipangishwe, naye amekwisha kupata mtu wa kununua karatasi kwa kilo. Wifi ameanza kuchoma zile zilizoliwa na mchwa. Mama huyu amelitia kufuli sanduku la daftari, kisha akakaa kutuandikia. Auliza mambo matatu: je, anaweza kuviweka vitabu hivi wakfu? Maktaba ya umma ni mahali pa kupelekewa wakfu? Na je, ni vyema binti zake waende kusoma maktaba, maana nyumbani hawana pa kukaa?

Nitalitanguliza swali la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Dada yangu, binti kwenda maktaba akiwa na stara yake, mkiwa mnajua aendako na saa ya kurudi, si jambo la kuombewa fatwa. Bibi Hafsa binti Umar, mke wa Mtume (rehma na amani zimshukie), alifundishwa kuandika na mwanamke mwenziwe, Shifaa binti Abdullah, na Mtume akalijua hilo na kuliridhia. Kisha tazameni jambo lililomfikia Bibi Hafsa baadaye. Karatasi ambazo Zaid bin Thabit alizikusanya Qur'ani ndani yake zilikaa kwa Sayyidna Abubakar, zikahamia kwa Sayyidna Umar, na alipokufa Umar zikawa mikononi mwa binti yake. Sayyidna Uthman alipotaka kunakilisha misahafu ya kupelekwa mijini, alituma kwake kuziazima. Akanakilisha, kisha akamrudishia. Khalifa wa Waislamu aliazima kwa mwanamke na akarejesha alichoazima! Mimi kila nisomapo habari hii katika Bukhari hujiambia kwamba wakutubi wa kike wana asili tukufu kuliko wanavyodhania wenyewe.

Kwa mama zetu ambao hawajapata kuingia maktaba ya umma, nieleze kidogo mambo yake. Ni nyumba ya kila raia. Mna chumba cha kusomea ambacho mtu hukaa bila kuulizwa ni wa dini gani wala kabila gani. Aghalabu mna sehemu ya watoto yenye viti vifupi na vitabu vya picha, na katika likizo huwapo saa za kusomewa hadithi, kuchora na kushindana kwa maswali. Magazeti ya siku hupatikana bila kununua. Maktaba nyingi siku hizi zina kompyuta na intaneti. Ukitaka kuchukua kitabu nyumbani hujiandikisha uanachama kwa ada isiyo kubwa, nawe hupewa muda wa kukirejesha. Ukichelewa, hulipa faini. Wako wanaoniuliza kama faini hiyo ni riba. La, si riba, kwani hukukopa fedha. Ni adhabu ya kumnyima msomaji mwingine zamu yake, nawe uliikubali ulipotia saini.

Taabu ya mama wa Moi's Bridge ni masafa. Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, lilijenga matawi Eldoret, Kapsabet, Kakamega, na upande wa Bungoma liko tawi la Kimilili. Kwa mwenye kukaa darajani, yote hayo ni safari ya matatu na nauli ya watu wazima na watoto. Kumpeleka binti kila Jumamosi ni mzigo kwa mwenye nyumba ya kawaida.

Hapa nataka kusema neno ambalo huenda halikutarajiwa katika safu ya sheikh. Katiba ya 2010 imezitaja maktaba, kwa jina lake, miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Basi maktaba ni haki ya kudaiwa, kama maji na zahanati. Moi's Bridge uko Uasin Gishu, lakini ukivuka mto waingia Trans Nzoia, na Kakamega haiko mbali. Mji wa mpakani namna hiyo huwa kama mtoto wa wajomba watatu: kila mmoja hudhani mwenziwe amekwisha kumlisha. Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti. Mikutano hiyo huendwa na wanaume, tena wenye kandarasi. Mama kumi wakienda na kusema kwa adabu kwamba watoto wa mji huu hawana chumba cha kusomea, maneno yao yataandikwa, na yaliyoandikwa huulizwa mwaka ufuatao.

Wala tusidhani maktaba ni lazima iwe jumba. Tangu mwaka 1996 Shirika hilo hilo lilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa, na baadaye Wajir, kwa ngamia: huyu amebeba masanduku ya vitabu, yule amebeba hema, na hema likisimamishwa mchangani hapo ndipo maktaba. Walioliona jambo hilo kuwa la lazima walikuwa wamefahamu kwamba msomaji aliye mbali hawezi kulaumiwa kwa umbali wake. Moi's Bridge haina haja ya ngamia. Ina haja ya kabati lenye kufuli katika chumba cha madrasa, mama mmoja mwenye funguo na daftari la kuazimia, na barua kwa mkutubi wa Eldoret kumwuliza kama wanaweza kuazimwa vitabu vya watoto kwa muhula, kwa dhamana ya kamati ya msikiti.

Sasa tuje kwenye vitabu vya marehemu.

Mtu akifa, kila alichomiliki huwa ni mali ya urathi, na kitabu ni mali. Hutangulizwa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kilichobaki ndicho hugawanywa. Marehemu huyu, kwa maelezo ya binti yake, hakuacha wasia wowote juu ya vitabu. Basi vitabu hivyo ni vya warithi wote kwa mafungu yao: mjane, wana, mabinti, na yule mdogo. Kaka mkubwa hana idhini ya kuviuza kwa kilo bila ya wenziwe kuridhia. Wifi hana idhini ya kuchoma hata ukurasa mmoja. Na wewe dada yangu, pamoja na mapenzi yako na kufuli lako, huwezi kuviweka vyote wakfu peke yako.

Unaloweza ni hili. Fungu lako mwenyewe unaweza kuliweka wakfu hata kama bado limechanganyika na mafungu ya wenzako. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i hilo ni sahihi. Watu wazima wenye akili zao wanaweza kukuunga mkono kwa mafungu yao, kwa hiari, wala si kwa kuonewa haya mbele ya wazee. Hapa nawaonya wasimamizi wa mirathi, kwa kuwa nimeshuhudia mara nyingi mtu akiinamisha kichwa barazani kisha akalia nyumbani. Ama fungu la mtoto asiyebaleghe, hakuna awezaye kulitoa, si mamake, si kaka, si kadhi. Mlezi hana mamlaka ya kufanya ukarimu kwa mali ya yatima. Njia nyepesi ni kumwita mtu ajuaye bei za vitabu, avithamini, kisha nyinyi wakubwa mkamnunulia mtoto fungu lake kwa bei ya haki, fedha zikawekwa kwa jina lake. Huenda zikawa shilingi elfu chache tu. Zilipwe hata hivyo, na ziandikwe.

Kama kuna mabishano, iendeeni mahakama ya Kadhi iliyo karibu nanyi, kwani mirathi ni katika mambo ambayo Katiba imempa Kadhi kuyaamua.

Na kitabu chafaa kuwekwa wakfu? Ndiyo. Wakfu ni kukizuia kitu chenyewe kisiuzwe, kisirithiwe wala kupewa mtu, ili manufaa yake yaendelee. Kitabu husomwa na kikabaki, kwa hiyo sharti hilo limetimia. Wanazuoni wa Kihanafi, walio wazito katika wakfu wa vitu vya kuhamishika, walivikubali vitabu kwa kuwa ni ada ya watu. Katika miji ya Kiislamu ya kale maktaba nyingi zilisimama kwa wakfu. Nasi pwani tunayo misahafu katika misikiti yetu iliyoandikwa ukurasa wa kwanza kwamba ni wakfu wa fulani au wa bibi fulani, na majina ya kike humo si haba.

Lakini ndugu zangu, mafakihi husema kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu hufuatwa kama inavyofuatwa nassi. Watu hulisikia neno hili wakadhani ni heshima tu kwa mtoaji. Mimi naliona pia kuwa ni onyo, na historia ya maktaba za nchi yetu yatufundisha kwa nini.

Nairobi, ubavuni mwa Msikiti wa Jamia, pana jengo zuri la mawe lenye sanamu za simba wawili mlangoni. Ni Maktaba ya McMillan. Bibi Lucie McMillan alikuwa mkono mkubwa katika kujengwa kwake, kwa ukumbusho wa mumewe, William Northrup McMillan, aliyekufa mwaka 1925. Ikafunguliwa mwaka 1931. Mwanamke kumkumbuka mumewe kwa nyumba ya vitabu ni jambo la kusifiwa. Lakini nyumba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao, na hali hiyo ikaendelea mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni. Muislamu wa Nairobi alitoka Jamia, mahali ambapo mweusi na mweupe husimama safu moja, akapita mbele ya mlango ambao hakuruhusiwa kuuingia. Sharti moja liliyafunga manufaa kwa miongo. Leo milango iko wazi kwa kila mtu, na wanawake wawili wa Kenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha mwaka 2017 shirika liitwalo Book Bunk, ambalo limeshughulika kuyafufua majengo ya maktaba hiyo na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, pamoja na kuzihifadhi picha na nyaraka za zamani zilizomo. Watoto wa Eastlands wanakaa humo wakisoma.

Mfano wa pili uko karibu na mwenye kuuliza. Kitale, mwaka 1926, mwaka ule ule reli ilipofika mjini humo, Mwingereza aitwaye Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake mwenyewe ya wadudu, wanyama na vitabu alivyokuwa akivikusanya tangu utotoni. Alikufa mwaka 1966. Katika wasia wake alikuwa amevitoa alivyovikusanya kwa wananchi wa Kenya, na mwaka 1974 yakafunguliwa makumbusho ya taifa hapo Kitale, ya kwanza kujengwa bara nje ya Nairobi. Hakuwa wa dini yetu, naye alikuwa mlowezi katika ardhi iliyokuwa na wenyewe, hayo siyafichi. Lakini wasia wake uliandikwa wazi, na umma uliomzunguka ukaingizwa ndani yake. Mtoto wa Moi's Bridge akipelekwa na shule yake Kitale kutazama vipepeo, ananufaika na karatasi aliyoitia saini mtu kabla ya kufa.

Tena tusisahau tulikotoka sisi. Nairobi ilikuwa bado ni kambi ya reli inayojifunza kuwa mji pale Mombasa ilipopata, mwaka 1903, Maktaba ya Umma ya Seif bin Salim pamoja na chumba chake huria cha kusomea. Vitabu vya historia ya maktaba nchini huanzia hapo. Jina la kwanza katika orodha ni jina la Kiislamu la pwani, na sidhani kama watoto wetu kumi wakiulizwa, wawili watalijua.

Kwa hiyo, dada yangu, nakuja kwenye swali lako la pili, na jawabu lake lina pande mbili. Maktaba ya umma ina ada ya kupunguza vitabu. Kila baada ya muda mkutubi hupitia rafu, akatoa vilivyochakaa, vilivyopitwa na wakati na visivyoazimwa, vikauzwa au vikatupwa. Hafanyi ubaya, hiyo ni kazi yake, la sivyo rafu zingejaa. Lakini kitu cha wakfu hakiuzwi. Ukimpa mkutubi wakfu bila kumwambia, umemtia katika kosa asilolijua, nawe umekiweka kitu cha Mwenyezi Mungu mahali ambapo kitauzwa kwa kilo, yaani kule kule alikotaka kukipeleka kaka yako.

Vigawanyeni basi. Vitabu vya shule, hadithi za watoto, kamusi na riwaya, hivyo vitoeni hiba kwa maktaba ya umma au kwa kabati la madrasa, mkavisahau. Thawabu zake mmezipata na mkutubi ana uhuru wake. Misahafu na vitabu vya dini viwekeni wakfu chini ya msikiti au madrasa yenye kamati inayojulikana, jina la nadhiri liandikwe, yaani yule msimamizi wa wakfu, na aandikwe pia wa kumrithi nadhiri huyo akifa. Wakfu nyingi zimepotea siku ya maziko ya msimamizi wake. Katika hati tieni sharti pana: visomwe na wanaume na wanawake, na wanawake watengewe wakati au chumba. Msipoliandika hilo leo, kesho atatokea mtu wa kusema wakfu ulikuwa wa wanaume, nanyi hamtakuwapo kumjibu. Mkitaka ushauri wa hati yenyewe, waandikieni Makamishna wa Wakfu, ambao makao yao yako hapa Mombasa.

Misahafu iliyochakaa isiyosomeka tena isichomwe jikoni na mkaa wa chai. Ifukiwe mahali pasafi pasipokanyagwa, au ichomwe peke yake kwa heshima mpaka iwe majivu, kama walivyofanya masahaba. Mwambieni wifi kwa upole. Mchwa walimtisha, naye hakujua.

Zimebaki hati za mkono na daftari.

Hati za mkono zisikabidhiwe kwa mtu yeyote kabla ya kupigwa picha, ukurasa kwa ukurasa, mchana, karibu na dirisha lakini si juani. Msizibandike kwa gundi wala utepe wa plastiki, na msizitie katika karatasi za nailoni za moto. Wino wa kale hauponi kwa hayo. Zifungeni kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, sanduku liinuliwe kutoka sakafuni. Hapa pwani tunao mfano mwema. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, msikiti wa Habib Saleh, zilipigwa picha kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Picha zimekwenda duniani, zasomwa na atakaye. Karatasi zenyewe zimebaki Lamu. Hapo awali mambo hayakuwa hivyo. Mwenye kutaka kuzitazama karatasi za mashairi ya Muyaka bin Haji, ambazo Mwalimu Sikujua wa Mombasa alimsaidia Taylor kuzikusanya, safari yake ni London. Nashukuru kwamba zipo. Ila sipendi kulazimika kuomba viza ili nimsome mtu wa Mvita.

Daftari za duka ndizo zilizonishughulisha zaidi, na nimeirudia mara kadhaa sehemu hiyo ya barua. Mama aandika kwamba katika kurasa za mwanzo babake aliuandika mji kwa jina lake la zamani, Hoey's Bridge, kwa herufi za Kiarabu, kama sikio la mtu wa Mombasa lilivyolisikia. Arthur Hoey alikuwa mlowezi na mwindaji aliyejenga daraja juu ya Nzoia, na mji ukachukua jina lake mpaka baadaye ulipopewa jina la Moi. Humo ndani mna majina ya wateja: Wabukusu, Wanandi, Wakikuyu, Wasomali, Wahindi. Mna bei ya sukari, mafuta ya taa na shuka. Mna waliokopa wakingoja kuuza mahindi. Wenye kuandika historia ya sehemu zile hutegemea zaidi maandishi ya walowezi na wakuu wa wilaya. Kuhusu Waislamu wa bara, tunajua kidogo habari za Mumias, kwamba misafara ya waungwana wa pwani ilikuwa ikifika huko katika karne ya 19, na kwamba Nabongo Mumia alisilimu. Ama muuza duka wa Kiislamu katika mji mdogo wa reli, aliyesali Ijumaa kwa watu kumi na mbili na akasomesha watoto alifu baada ya kufunga duka, habari zake hazimo kitabuni. Zimo katika sanduku hilo.

Kwa hiyo usiziachie. Lakini usizitoe upesi pia, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba daftari ni ushahidi wa madeni. Kama marehemu anadaiwa humo, na duka la zamani hudai na hudaiwa, deni hilo hutangulia mirathi yote, na roho ya muumini hubaki imefungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Kabla ya kufikiri historia, akae mtu ajuaye kusoma herufi hizo pamoja na warithi wawili, azipitie zote, aandike kando nani alimdai baba na nani alidaiwa na baba. Kama wadai wamekufa, warithi wao watafutwe. Madeni aliyodai marehemu ni mali ya warithi. Mtu mzima aweza kusamehe fungu lake, na fungu la mtoto mdogo hubaki kama nilivyosema. Fanyeni hili mapema, kwa kuwa ulitaja kwamba mzee mmoja tu ndiye aliyebaki mjini anayesoma maandishi hayo vizuri, na macho yake yameingia ukungu.

Ya pili ni stara. Katika daftari mna mtu aliyekopa unga mara nne asilipe. Ana wajukuu leo, huenda mmoja wao ni mwalimu wa binti zako. Historia haitudai tumfedheheshe. Hapa ndipo sharti la mtoaji huwa na kazi njema. Wapelekeeni makumbusho ya Kitale au maktaba nakala za picha, nanyi muwaandikie kwamba kurasa za madeni zifungwe zisisomwe na umma kwa miaka kadhaa, hata thelathini, mpaka watajwa na watoto wao wawe wamepita, na kwamba bei, bidhaa na tarehe zaweza kusomwa tangu leo. Watunzaji wa nyaraka wanalijua sharti la namna hii na hulipokea. Daftari zenyewe ziwe amana, si hiba, ili mkizihitaji kwa ajili ya deni lililosahauliwa muweze kuzirudisha. Tieni saini nakala tatu: moja ya mpokeaji, moja ya msikiti, na moja ikae kwako pamoja na ule ufunguo.

Na yule mzee wa macho ya ukungu, mpelekeeni simu yenye kurekodi kabla hamjampelekea daftari. Mketisheni, mmwulize nani aliyejenga msikiti wa kwanza wa mji, nani aliyekuwa imamu, nani aliyesomesha wanawake, na majina yatamkwe kwa sauti yake mwenyewe. Binti zako wakubwa wanaweza kuifanya kazi hiyo Jumamosi hii, mama yao akiwa amekaa nao.

Wassalamu alaykum warahmatullah.